Wapapasi wa Sihani

Sitawachosha na habari za njia. Nchi ya Sihani haimo kwenye ramani za shule, na anayefika huko hafiki kwa kukusudia. Mimi nilifika, nikakaa siku tisa, nikaondoka bila kuaga ofisi yoyote. Ninaandika kwa sababu tangu nirudi Tanga sijatulia. Usingizi wangu umekuwa wa vipande, na mume wangu amechoka kuniuliza ninatafuta nini kabatini kila saa.

Jina langu ni Mwanaidi Shekimweri, na kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Nimeifanya miaka ishirini na miwili. Mtu wa kazi hii anaijua dunia kwa vidole kabla ya macho. Ukingo wa bamba la meno ukizidi kwa upana wa nusu unywele, mteja anarudi kesho yake na kidonda kwenye ufizi na maneno mdomoni, na haki anayo. Nayasema haya ili msomaji aelewe kwa nini watu wa Sihani walinikera, na kwa nini pia niliwaelewa haraka kuliko nilivyopenda.

Nchi yenyewe imezungukwa na ukuta mmoja laini. Ndani ya ukuta nyumba zimebanana hadi majirani wanasikiana wakimeza mate, na kila nyumba ina kazi yake. Sheria ya kwanza niliyokutana nayo ilikuwa hii: kila asubuhi kila nyumba iweke nje ya dirisha kisahani chenye kipande cha kile kinachotengenezwa ndani. Kipande tu, ukubwa wa punje ya mchele. Visahani vyote ni vya mtindo mmoja, vina mfereji mwembamba katikati ambamo kipande hulazwa chali, na mtindo huo hauigiki na mtu wa nje. Nyumba isiyotoa kisahani haiulizwi swali. Wanakuja walinzi wenye mashoka, wanaoijua kazi moja tu, kubomoa. Kwa hiyo watu wote hutoa.

Wanaokagua visahani huitwa Wapapasi. Siku ya kuajiriwa hufungwa kitambaa machoni na hawakifungui tena maisha yao. Kifuani, juu ya kikono kifupi, wamefungiwa kiganja cha mbao chenye nusu mbili zinazokutana katikati. Mpapasi hufika dirishani, huinama, huweka kiganja chake juu ya kisahani, husubiri kwa muda wa pumzi moja, kisha huenda nyumba ya pili. Kiganja kisipokamata, nyumba ni salama. Kikikamata, nyumba inahesabiwa imeficha mgeni ndani, kwa sababu kipande chake si cha hapa.

Nilitaka kuona viganja vinachongwaje, maana kazi ya kuchonga kitu kiingie kwenye kitu kingine ndiyo inayonilisha. Nikapelekwa karakana siku ya pili. Mafundi wamekaa safu safu, na kila mmoja mbele yake ana dadu tatu. Anazirusha, anasoma, anachonga mtelemko; anazirusha tena, anachonga kona. Nikamuuliza fundi mkuu kiganja kile kimekusudiwa kumkamata nani. Akaniambia hajui, na kwamba kujua kungekuwa kosa la kazi. Adui wa kesho hajazaliwa, alieleza, na umbo lake halijulikani, kwa hiyo wao wanachonga kila umbo ambalo mbao inakubali, wakitumaini mojawapo litakuwa na bahati. Nilikereka kwa sababu niliona ana hoja.

Baada ya karakana kuna ukumbi wa mtihani. Humo vimepangwa vipande vya nyumba zote za Sihani, kila kimoja juu ya kisahani chake, na mwanafunzi anapitishwa kwenye vyote akiwa na kiganja kifuani. Ambaye kiganja chake hakigusi kabisa hata ukingo wa kisahani anatolewa kwa mlango wa nyuma. Ambaye kiganja chake kinakamata kipande cha nyumba ya hapa, naye kwa mlango wa nyuma. Wanaotoka kwa mlango wa mbele ni watatu katika mia. Nilimuuliza msimamizi nyuma ya ule mlango kuna nini. Alitazama daftari lake akasema swali hilo liko idara nyingine.

Nilipanga kwa Bi Mwatima, mjane aliyenizidi miaka kumi hivi, nikawa namwita dada. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho katika mtaa wa Visiwani, mtaa wa nyumba kumi na moja tu, uliobanwa pande zote na mitaa ya watu wa kazi nyingine kabisa. Nyumba zote kumi na moja zilichonga funguo za sukari. Sukari ya Sihani hupita mitaroni mbele ya kila mlango, bure, lakini haiingii ndani mpaka mlango ufunguliwe kwa ufunguo mdogo, na ufunguo ukishatumika mara moja umekwisha. Kila siku zinatakiwa mpya. Nchi nzima ilikula kwa kazi ya mtaa ule, na wengi hawakujua mtaa wenyewe uko wapi.

Bi Mwatima alijifunza kazi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake, katika chumba kilekile. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Ukimuuliza jambo anamaliza kwanza kulainisha ufunguo alioushika, anaupuliza vumbi, ndipo anakujibu. Mimi siku ya tatu tayari nilikuwa nimeshapanga upya rafu zake zote, nimezibandika majina, na yeye alikuwa anatafuta msasa wake mahali ulipokuwa zamani. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba sheria ya mtaa wao ni moja, kwamba aliyebomolewa nyumba haruhusiwi kushika ufunguo tena, na hiyo ndiyo sababu anapenda kila kitu kikae pale kilipo.

Mpapasi wa zamu yetu aliitwa Hatibu, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu ndevuni, aliyewajua wenye nyumba wote kwa sauti. Kila asubuhi alimwamkia Bi Mwatima, akaweka kiganja chake juu ya kisahani, akatulia, akashukuru, akaenda. Aliniambia kuwa kwa miaka kumi na tisa kiganja chake hakijawahi kukamata kitu chochote. Alilisema hilo kwa sauti ya chini, na mimi nikaona nimeingilia jambo la ndani.

Siku ya nne nilimfuata kwenye zamu, maana kukaa ndani kulikuwa kumenishinda. Tulifika kwenye jumba moja lililokuwa likijengwa upande huu wakati upande ule bado haujaisha. Vyumba vilikuwa vimepandana bila mpango, kimoja kimeziba mtaro wa jirani, kingine kimekalia uwanja wa watu. Majirani walisema jumba lilikuwa chumba kimoja miaka michache iliyopita. Hatibu aliinama dirishani, nami nikaona wazi kiganja chake kikitikisika, kikitaka kufunga. Mara akanyoosha mkono mlangoni, akapapasa, akainamisha kichwa kwa heshima na kuondoka.

Hapo ndipo nilipofahamu habari ya mkanda. Sheria ya Sihani haimruhusu Mpapasi kubomoa kwa sababu ya kiganja peke yake. Kiunoni ana mkanda wenye matundu mawili. La kwanza ni la kichocheo: mjumbe wa mtaa lazima aje na kifundo chake cha mbao akibonyeze humo, kuonyesha kwamba kweli kuna hatari. La pili ni la kizuio. Nyumba ikitundika kizuio mlangoni kwa kamba, na Mpapasi akikivuta kikaingia sawasawa kwenye tundu la pili, basi analegea na kuondoka, kiganja kihisi kitakachohisi. Vizuio vilitungwa kwa ajili ya nyumba zenye wazazi waliotoka kujifungua na wagonjwa, ambazo mkono mzito ungeziumiza, na hutolewa na Ofisi ya Msajili wa Maumbo kwa maombi ya maandishi. Mlango wa jumba lile ulikuwa na vizuio arobaini, vimepangwa kwa mistari.

Nilimuuliza Hatibu kama jumba lile lina wazazi arobaini.

"Kiganja kilisema kamata," alijibu. "Mkanda ukasema acha. Mimi, dada yangu, ni mtu wa katikati tu."

Siku ya tano ikatokea taharuki. Mgeni aliingia kwa upenyo wa ukuta, akajificha katika nyumba moja ya mtaa wa chini na kuanza kuwatumikisha wenyewe. Kisahani cha nyumba ile kikabeba kipande cha huyo mgeni, Wapapasi elfu wakapita wasihisi kitu, akafika Hatibu, kiganja kikakamata. Ilikuwa kweli, mgeni alinaswa akijaribu kutoroka, na nchi iliokolewa. Sitaki mtu adhani nampunguzia. Alibebwa juu juu. Kwa desturi yao kiganja kilichokamata hupelekwa karakana na kunakiliwa, kona kwa kona, na kabla ya magharibi walikuwa wameajiriwa Wapapasi mia tatu wenye kiganja kama cha Hatibu. Wajumbe wa mitaa nao, kwa hofu, wakaanza kubonyeza kichocheo katika mikanda yote waliyokutana nayo, bila kuuliza, ili kesho wasije kuambiwa walizembea.

Asubuhi ya siku ya sita Hatibu alifika dirishani kwetu akiwa na furaha usoni ambayo kitambaa hakikuweza kuificha. Akamwamkia Bi Mwatima. Akainama. Kiganja kikafunga.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale, na nilisikia mlio wake, mlio mdogo wa mbao iliyopata mahali pake. Hatibu hakusogea. Bi Mwatima alimwita jina, akamwambia labda amekosea dirisha. Alisema hakukosea. Akaenda nyumba ya kumi, kikafunga. Ya tisa, kikafunga. Mtaa mzima ulikuwa unachonga ufunguo mmoja, kwa hiyo vipande vyao vilikuwa kitu kimoja.

Niliomba nikione kipande cha yule mgeni, ambacho kilikuwa kimehifadhiwa kwenye chupa kule karakana. Nilikipapasa kwa ukucha, kisha nikakipapasa cha Bi Mwatima. Havikufanana kwa rangi wala kwa urefu wala kwa kitu vilichotokana nacho. Lakini vyote viwili vilikuwa na kona moja iliyoinuka, na pembeni ya kona kishimo, na kiganja cha Hatibu hakikuwa kikigusa kitu kingine zaidi ya kona na kishimo. Katika ukumbi wa mtihani kipande cha Visiwani kilimponyoka kwa upana usiofika unywele, akapita. Sasa kiganja kilikuwa kimeshakamata mara moja, mafundi wamekikaza maungio ili kikamate vizuri zaidi, na ule upana wa unywele haukuwapo tena.

Sheria inatoa asubuhi tatu. Kiganja kikikamata asubuhi tatu mfululizo, nyumba inabomolewa. Asubuhi moja ilikuwa imeshapita.

Siku hiyohiyo nilikwenda barazani. Baraza la Maumbo lina wajumbe kumi na wanane, na mkuu wake ni Msajili wa Maumbo, Bwana Ngwali, mtu nadhifu aliyekuwa akisugua kalamu yake kwa kitambaa wakati wote nilipokuwa naongea. Niliwaambia kwamba wanataka kubomoa mtaa unaowalisha. Wakanishukuru, kisha wakaanza mjadala ambao walikuwa nao tangu kabla sijafika: je, nguvu ya kiganja iko kwenye ncha au kwenye kikono? Wa upande wa ncha walisema ncha ndiyo inayogusa. Wa upande wa kikono walisema kikono kikiwa kirefu, ncha haifiki vizuri, na kikiwa kifupi inafika mno. Mzee mmoja alisimama kudai kwamba vyote si kitu, muhimu ni sharubati ambayo viganja hupakwa ili visikauke. Walikwenda hivyo hadi adhuhuri. Kila mmoja alikuwa na ukweli kidogo, na hakuna aliyetaja nyumba.

Nikashindwa kuvumilia, nikawasimulia kisa cha kweli. Tanga niliwahi kumtengenezea mzee mmoja meno ya juu, na siku ya harusi shemeji yake akayavaa kwa mzaha, yakamkaa sawasawa kuliko mwenyewe. Taya zilifanana kwa bahati. Je, nikawauliza, meno yale yalikuwa ya shemeji?

Bwana Ngwali aliweka kalamu chini. "Huyo shemeji alitafuna?"

"Alitafuna. Alikula pilau sahani mbili."

"Basi yalikuwa yake," alisema, na wajumbe wakaitikia kwa vichwa. "Mgeni wetu, kiganja hakidanganyi. Hakina ulimi. Kikikamata, kimekamata, na kilichokamatwa kimekubali kukamatwa. Wewe unatuletea habari za nani alikusudia nini. Sisi hapa tunasajili maumbo."

Nilimwambia kuhusu jumba la vizuio arobaini. Akasema vizuio vile vimekaguliwa na vyote vina umbo sahihi.

Kesho yake, asubuhi ya pili, kiganja kilifunga tena nyumba zote kumi na moja, na safari hii nyuma ya Hatibu walikuwapo wale mia tatu kwa mstari, kila mmoja akiinama na kufunga kwa zamu yake. Bi Mwatima alikwenda Ofisi ya Msajili kuomba kizuio. Karani alikuwa na adabu. Alimpa fomu, akamwambia majibu ni baada ya wiki sita, na akamtakia siku njema.

Aliporudi alikaa kwenye kigoda chake akachukua ufunguo aliouacha nusu. Mimi nilikuwa nazunguka chumba. Nilimuuliza kama anaelewa kwamba kesho hana nyumba. Akalainisha, akapuliza vumbi.

"Naelewa," alisema. "Leo bado nina zamu."

Sijui hasira yangu ilikuwa ya nani. Nilichukua mkoba wangu wa kazi, ambao siachani nao, nikatoka. Mchana kweupe nilikwenda kwenye lile jumba, nikalainisha nta kwa mkono, nikaikandamiza juu ya kizuio kimojawapo, nikahesabu hadi mia, nikaibandua. Hakuna aliyenizuia, maana wanaolinda wamefungwa macho na wanaoona hawalindi. Bwana mwenye jumba alichungulia dirishani akanipungia mkono. Nadhani aliniona mwenzake.

Kutoka kwenye nta nilipata mfano, na kutoka kwenye mfano kalibu ya plasta, moja tu, plasta niliyokuwa nayo haikutosha ya pili. Vizuio vyao vinatengenezwa kwa sandarusi, ule utomvu mgumu wa mti. Unaiyeyusha, unaimimina, unaiacha ipoe ndani ya kalibu mpaka iwe baridi hadi moyoni. Hapo ndipo penye kazi. Sandarusi inaganda juu mapema, inang'aa, inakudanganya kwamba imeiva. Lakini ndani bado ni laini, na ukiitoa itajikunja polepole kwa kipimo ambacho jicho halikioni. Nilikuwa na kalibu moja na nyumba kumi na moja. Kila kizuio kilihitaji zaidi ya saa nzima.

Nilipomaliza cha kwanza nilimpelekea Bi Mwatima. Alikishika, akaangalia kona zake kwa muda mrefu, akasema kazi safi, kisha akaniambia nikatundike nyumba ya kwanza. Nikamwambia chake kwanza. Alikataa. Nyumba ya kwanza kuna mama mwenye watoto watano, alisema, ya pili kuna mlemavu, ya tatu kuna binti aliyeanza kazi mwezi huu. Akanitajia mtaa wote, na yeye akajiweka wa mwisho, kwa sababu nyumba yake ndiyo ya mwisho. Hakulifanya kama mtu anayejitoa. Aliona ni utaratibu.

Sitaeleza saa zilizofuata. Nilimimina, nikangoja, nikatoa, nikamimina. Nilipokuwa nangoja nilitembea kutoka mlango hadi dirisha na kutoka dirisha hadi mlango, na kila baada ya dakika chache nilikwenda kugusa kalibu, na kila nilipoigusa ilikuwa ya moto. Jua lilipochomoza vizuio kumi vilikuwa vimetundikwa kwenye milango kumi, na cha kumi na moja ndiyo kwanza nilikuwa nimekimimina.

Kisha nikasikia miguu yao.

Nilitoka nikasimama barabarani. Hatibu alikuwa mbele, mia tatu nyuma yake. Alifika nyumba ya kwanza, akainama, kiganja kikafunga, akanyoosha mkono mlangoni, akavuta kizuio kwenye mkanda wake. Kikaingia. Mabega yake yakashuka papo hapo, kiganja kikaachia, akaenda nyumba ya pili, na wa nyuma yake akaingia nafasi yake kwenye mlango uleule. Sijawahi kufurahi hivyo hata siku nilipopewa cheti changu. Kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu kilikuwa kinaingia penyewe, nyumba baada ya nyumba. Nilitaka kucheka. Mtaa ulijaa Wapapasi kutoka mwanzo, kila mlango na mstari wake, hivyo hakukuwa na kizuio ambacho ungeweza kukikopa kutoka kwa jirani.

Alipofika nyumba ya saba niliingia ndani. Nikagusa kalibu. Ilikuwa ya uvuguvugu. Niligusa sandarusi yenyewe kwa kidole, ilikuwa ngumu, inang'aa. Kwa meno ya mteja nisingethubutu. Ningeondoka chumbani, ningekwenda kununua maandazi, ningejilazimisha. Lakini Hatibu alikuwa nyumba ya nane, na mimi nilikuwa nimesimama pale na mikono isiyo na kazi, nikiamini kwamba kutofanya kitu ndiyo hatari. Bado ilikuwapo robo saa. Kalibu ingeweza kukaa hiyo robo saa, na kizuio kikatoka kikiwa baridi wakati Hatibu anagusa kisahani. Najua hivyo sasa kwa sababu nimeihesabu mara nyingi.

Nilikitoa. Kilikuwa kizuri. Nikakigeuza mwangani, kona zote zilikuwapo. Bi Mwatima alikuwa mlangoni ananitazama. Nikampita nikakitundika.

Hatibu alifika. "Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, Hatibu."

Kiganja kilifunga juu ya kisahani. Akanyoosha mkono, akakipata kizuio, akakivuta kwenye mkanda. Kiligusa tundu. Kilizama nusu, na hapo kikasimama. Alikisukuma kwa kidole gumba, kwa upole, mara moja, mara ya pili, na mimi nilikuwa nasukuma naye kwa meno yangu. Nikamwambia akigeuze. Alikigeuza. Nikamwambia asubiri kidogo. Alisimama akasubiri, na nyuma yake wenzake wakaanza kusongana.

"Mkanda hausemi kitu," alisema Hatibu. "Mama, nisamehe. Nasikiliza, lakini hausemi kitu."

Mjumbe alikuwa ameshabonyeza kichocheo tangu siku ya taharuki. Hatibu akaweka mikono yote miwili kwenye mwimo wa mlango, wenzake wakaja wakaweka yao, na nyumba ya Bi Mwatima ikashuka kwa muda ambao ningetumia kusaga jino moja. Hawakufanya kwa ukatili. Walitoa kigoda nje, wakatoa rafu na majina yangu juu yake. Funguo alizokuwa amezimaliza zilimwagika mtaroni, zikaenda na sukari.

Bwana Ngwali alifika na daftari. Akachukua kizuio changu, akakilinganisha na cha nyumba ya kumi, akavipima urefu, upana na uzito, akaandika kwamba ni vya aina moja, vya fundi mmoja, vya kitu kimoja, na kwamba ofisi yake haina maelezo. Akanirudishia.

Nyumba kumi zilibaki. Majirani walianza palepale kugawana hesabu ya funguo za Bi Mwatima, nyumba hii mia, ile mia, ili nchi isilale njaa, na wote walikuja kunishika mkono na kunishukuru. Kila aliyenishukuru nilimwambia jambo. Nilimwambia wa kwanza kwamba sandarusi ya Sihani ina mchanga. Wa pili nilimwambia kalibu ya plasta huchakaa ikimiminwa mara kumi. Wa tatu nilimwambia mkanda wa Hatibu ulikuwa umeingia jasho.

Bi Mwatima alikuwa amekaa kwenye kigoda chake barabarani, mikono mapajani, kwa mara ya kwanza bila kitu mkononi. Aliniomba kizuio. Akakishika kama alivyokuwa akishika ufunguo, akakipitisha kidole gumba ukingoni taratibu, akafika mahali akasimama, akarudi nyuma kidogo, akapapasa tena palepale.

"Ulikitoa kikiwa bado cha moto," alisema. "Nilikuona. Nikasema mwenyewe, anajua anachofanya, ndiyo kazi yake."